Kuomba Ufadhili wa Serikali ya China kwa Uzamili na Uzamivu: Mwongozo Kamili kwa Waombaji wa Tanzania na Kenya

Wengi wanaoniandikia baada ya kukosa ufadhili wa Serikali ya China wana shahada ya kwanza yenye alama nzuri. Ninapowaomba wanitumie nakala ya maombi yao, kasoro huonekana mapema: fomu ya afya haina muhuri juu ya picha, barua ya mapendekezo imesainiwa na meneja wa kazini badala ya profesa, au chuo kilichochaguliwa hakikuandikiwa hata barua pepe moja kabla ya kujazwa kwenye fomu. Karibu wote walianza na fomu ya mtandaoni kisha wakakimbizana na vielelezo huku siku ya mwisho ikikaribia, ilhali fomu hiyo ndiyo inayopaswa kujazwa mwisho kabisa.

Mwongozo huu unaanzia Agosti na kuishia Septemba ya mwaka unaofuata, wakati mwaka wa masomo wa China unapoanza. Ukianza Januari, hatua ya 3 na ya 4 hazitakuwa na muda wa kutosha, na hizo ndizo zenye uzito zaidi.

## Unachopewa na masharti ya msingi

Ufadhili huu unasimamiwa na Baraza la Ufadhili wa Masomo la China, ambalo waombaji hulifahamu kwa kifupi chake, CSC. Anayepata ufadhili kamili husamehewa ada, hupewa chumba katika bweni la chuo au posho ya malazi, bima ya afya, na posho ya kila mwezi ya yuan 3,000 kwa mwanafunzi wa uzamili na yuan 3,500 kwa wa uzamivu. Nauli ya ndege hutegemea makubaliano baina ya serikali hizo mbili, kwa hiyo usiihesabu mpaka uione imeandikwa katika tangazo lako.

Mwombaji wa uzamili anatakiwa kuwa na shahada ya kwanza na umri usiozidi miaka 35. Wa uzamivu awe na shahada ya uzamili na umri usiozidi miaka 40.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasipoti ambayo muda wake hautakwisha karibuni. Kwa Mtanzania, maombi ya pasipoti yanahitaji namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), kwa hiyo asiye nayo aanzie huko.
- Cheti cha shahada na taarifa ya matokeo ya masomo yote, pamoja na nakala zilizothibitishwa na wakili. Ambaye bado yuko mwaka wa mwisho achukue barua ya chuo inayoeleza atahitimu lini.
- Barua mbili za mapendekezo.
- Mpango wa masomo au andiko la utafiti.
- Fomu ya Uchunguzi wa Afya kwa Wageni, iliyojazwa hospitalini.
- Hati ya polisi ya tabia njema.
- Uthibitisho wa lugha. Vyuo vingi vinavyofundisha kwa Kiingereza hukubali barua ya chuo ulichosoma inayoeleza kwamba masomo yalitolewa kwa Kiingereza, lakini vingine hudai mtihani wa IELTS au TOEFL. Kozi za Kichina zina mtihani wake, HSK.
- Kwa mtumishi wa umma, ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri. Barua hii hupita mezani kwa watu kadhaa, na kuna watu waliopata ufadhili wakashindwa kuondoka kwa sababu yake, hivyo iombe mapema.

## Hatua ya 1: Oanisha majina katika hati zote (Agosti)

Panga mezani pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na cheti cha shahada, kisha soma jina herufi kwa herufi. Utakuta Mohamed upande mmoja na Mohammed upande mwingine, au majina matatu kwenye cheti na mawili kwenye pasipoti, au mwanamke aliyeolewa ambaye pasipoti yake ina jina la mume ilhali vyeti vina jina la baba.

Sababu ya kulihangaikia jambo hili mapema ni kwamba jina utakaloandika kwenye fomu ndilo litakalochapishwa kwenye barua ya udahili na kwenye fomu ya visa, na afisa wa visa atalilinganisha na pasipoti. Tofauti ndogo ya tahajia hutatuliwa kwa hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina yote ni ya mtu mmoja; kubadili jina rasmi kuna utaratibu wake kisheria na huchukua muda zaidi.

Umefanikiwa iwapo kila hati inasoma jina lilelile, au tofauti iliyopo imeelezwa katika hati ya kiapo ambayo umeshaiweka ndani ya faili.

## Hatua ya 2: Chagua mlango utakaopitia (Septemba)

Kuna milango miwili mikuu. Aina A hupitia serikalini: Wizara ya Elimu ya nchi yako au Ubalozi wa China hutoa tangazo, hupokea maombi, huchuja na kupeleka majina. Aina B hupitia moja kwa moja katika chuo cha China kilichoidhinishwa kupendekeza majina kwa CSC, na mlango huu ni kwa ajili ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu pekee. Vyuo vinavyopokea wanafunzi wa ufadhili huu ni zaidi ya 200.

Katika Aina A unashindana na wananchi wenzako kwa nafasi chache zilizokubaliwa baina ya serikali. Katika Aina B unashindana na waombaji wa nchi nyingine nyingi, lakini profesa anayekutaka katika maabara yake anaweza kukutetea. Kwa maoni yangu, mwenye wazo la utafiti lililo wazi aipe Aina B uzito zaidi, na tangazo likiruhusu aombe kwa milango yote miwili akitaja fani ileile. Mtu anayeomba uchumi kupitia ubalozi na uhandisi wa maji kupitia chuo hujidhoofisha mwenyewe.

Tahadhari: CSC haimtozi mwombaji ada. Vyuo vingi hutoza ada yao ya maombi, na hiyo hulipwa kwenye akaunti ya chuo kupitia mfumo wa chuo. Dalali anayekuomba fedha kwa ahadi ya kukuhakikishia nafasi hana nafasi ya kukuuzia, kwa sababu uamuzi haufanyiki katika ofisi yake.

## Hatua ya 3: Mtafute msimamizi wa utafiti (Oktoba hadi Desemba)

Hapa ndipo maombi mengi hupata nguvu au huikosa. Si kila chuo hudai barua ya kukubaliwa na msimamizi, lakini mwenye barua hiyo anasomwa kwa jicho jingine, kwa kuwa tayari yupo mtu ndani ya chuo aliyesema kwamba kazi hii anaiweza na anaihitaji.

Anza na fani, si na jina la jiji. Anayesomea sayansi ya chakula, kwa mfano, atapata mengi zaidi katika Chuo Kikuu cha Jiangnan kilichoko Wuxi, ambacho kina sifa kubwa katika fani hiyo, kuliko katika chuo chochote alichokichagua kwa sababu tu kiko Beijing au Shanghai. Fungua ukurasa wa idara, tafuta walimu watatu au wanne ambao kazi zao za karibuni zinagusa swali lako, na usome angalau muhtasari wa makala zao mbili tatu.

Barua pepe ya kwanza iwe fupi. Sentensi ya kwanza ieleze wewe ni nani na umesoma nini. Ya pili itaje makala yake uliyoisoma na jambo lililokuvutia humo. Zinazofuata zieleze swali unalotaka kulitafiti na jinsi linavyohusiana na kazi yake, kisha umuulize waziwazi kama anapokea mwanafunzi wa ufadhili wa CSC kwa mwaka unaofuata. Ambatanisha wasifu wako na taarifa ya matokeo kwa PDF. Usitume ujumbe mmoja kwa walimu hamsini kwa pamoja. Walimu wa idara moja huzungumza, na barua isiyo na jina la anayeandikiwa hufutwa.

Kalenda ya China ina uzito hapa. Wiki ya kwanza ya Oktoba ni sikukuu ya taifa. Mwaka mpya wa Kichina huangukia kati ya tarehe 21 Januari na tarehe 20 Februari, na vyuo hufunga kwa majuma kadhaa, ndiyo maana barua zinazotumwa mwishoni mwa Januari hukaa bila kujibiwa. Barua iliyokaa wiki mbili bila jibu inaweza kufuatiliwa mara moja kwa heshima. Baada ya hapo nenda kwa mwalimu mwingine.

Umefanikiwa iwapo una barua ya kukubaliwa yenye saini ya profesa, ikiwa kwenye karatasi ya chuo au kwenye fomu maalumu ya chuo hicho. Kumbuka kwamba barua hiyo si ufadhili. Ni hoja ya kukutetea.

## Hatua ya 4: Andika mpango wa masomo (Novemba hadi Januari)

Kwa uzamili na uzamivu, kiwango cha chini kilichozoeleka ni maneno 800, na vipo vyuo vinavyodai zaidi. Mpango huandikwa kwa Kiingereza au Kichina, lakini nakushauri ulifikirie swali lako kwanza kwa Kiswahili mpaka uweze kumweleza ndugu yako ambaye hajasoma fani hiyo. Asipoelewa yeye, msomaji wa Wuxi hataelewa pia.

Hii ni aya ya ufunguzi ya aina ninayokutana nayo mara nyingi:

*"Nimevutiwa na China kwa sababu ni nchi iliyoendelea kwa kasi na yenye teknolojia ya kisasa. Nikipata ufadhili huu nitajifunza mengi na kurejea kulitumikia taifa langu."*

Hakuna uongo ndani yake, lakini ingeweza kuandikwa na mtu yeyote kuhusu fani yoyote. Sasa tazama hii:

*"Mwaka 2016 watu waliugua na baadhi yao kufariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Nataka kupima jinsi unyevu wa mahindi siku yanapowekwa ghalani, pamoja na aina ya mfuko unaotumika, unavyoathiri ukuaji wa fangasi katika kaya za wilaya ya Chemba, nikilinganisha mifuko ya kawaida na mifuko isiyopitisha hewa."*

Aya ya pili ina mahali, mwaka, kitu kinachopimwa na vitu viwili vinavyolinganishwa. Msomaji anaweza kuona maabara itakayohitajika, vifaa na hata muda. Profesa anayetafiti sumu za fangasi ataweza kusema ndiyo au hapana, na hilo tu ndilo unaloomba kwake.

Baada ya tatizo na swali, eleza mbinu: sampuli utazitoa wapi, utazipima kwa njia gani, na ni kipi kati ya hivyo hujakijua bado na unataka kukijifunza. Kisha eleza kwa nini chuo hiki, ukitaja maabara au kundi la utafiti kwa jina. Weka ratiba inayolingana na mfumo wa huko, ambamo mwaka wa kwanza wa uzamili hutumika zaidi kwa masomo ya darasani na utafiti hushika nafasi baadaye. Malizia kwa kueleza matokeo yatatumiwa na nani nyumbani, na hapa pia uwe mahususi: afisa ugani, maabara ya mkoa, kiwanda cha kusaga unga.

Tahadhari: usinakili mpango wa mtu aliyefaulu mwaka jana. Mipango hiyo huzunguka katika makundi ya WhatsApp, na wanaosoma maombi huko ni walewale waliosoma ule wa kwanza.

Umefanikiwa iwapo ukiondoa jina lako na jina la chuo, msomaji bado anaweza kubashiri fani yako, nchi yako na chuo unachokiomba.

## Hatua ya 5: Barua za mapendekezo (Desemba)

CSC hutaka barua hizi ziandikwe na profesa au profesa mshiriki. Sharti hili huwaangusha wengi, kwani aliyesimamia utafiti wako wa shahada ya kwanza huenda ni mhadhiri au mhadhiri mwandamizi. Mwendee kwanza yeye, kwa kuwa ndiye anayekufahamu, kisha umwombe akuunganishe na profesa mshiriki wa idara aliyekufundisha japo somo moja. Barua ya mwajiri inaweza kuongezwa, lakini haichukui nafasi ya hizo mbili.

Mpe anayekuandikia mpango wako wa masomo, taarifa ya matokeo na tarehe unayoihitaji barua, walau wiki tatu kabla. Barua iliyo sahihi ina nembo ya chuo, tarehe, cheo cha mwandishi, saini na anwani ya barua pepe ya chuo. Barua mbili zenye maneno yanayofanana huzua shaka kwamba mwombaji ndiye aliyeziandika.

## Hatua ya 6: Uchunguzi wa afya na hati ya polisi (Januari)

Matokeo ya uchunguzi wa afya hutumika kwa miezi sita. Ukipima Septemba, yatakuwa yamepitwa na wakati kabla maombi hayajafika mbali. Ukisubiri Machi, foleni ya vipimo itakula siku zako.

Chapisha fomu, bandika picha yako, na nenda nayo hospitali kubwa ya serikali yenye uwezo wa kufanya vipimo vyote mahali pamoja: damu, picha ya eksirei ya kifua, kipimo cha umeme wa moyo, macho na presha. Fomu hujazwa kwa Kiingereza, na hakuna kisanduku kinachoachwa wazi.

Simama hapo dirishani uikague kabla ya kuondoka. Mhudumu aliyezoea fomu za nchini hugonga muhuri chini ya karatasi, karibu na saini ya daktari, akaiacha picha bila alama. Muhuri wa hospitali unatakiwa pia kugongwa juu ya picha, nusu ukiwa kwenye picha na nusu kwenye karatasi, kuthibitisha kwamba picha haikubadilishwa baadaye. Fomu isiyo na saini ya daktari, muhuri wa hospitali au muhuri juu ya picha huhesabiwa kuwa batili. Mwombe kwa upole augonge tena.

Nakala halisi ya fomu hii na majibu ya maabara usiitoe kwa yeyote. Utaihitaji ukifika China.

Hati ya tabia njema huombwa polisi kwa alama za vidole. Kenya huanzia kwenye mfumo wa eCitizen.

## Hatua ya 7: Jaza fomu ya mtandaoni (Februari hadi Machi)

Dirisha la maombi kwa kawaida huwa kati ya Januari na Aprili, lakini kila wizara, ubalozi na chuo huweka tarehe yake ndani ya kipindi hicho. Fuata tarehe ya taasisi yako, si ile ya jumla.

Mfumo wa CSC utakuuliza namba ya taasisi inayopokea maombi. Kila ubalozi na kila chuo kina namba yake, na ukiikosea maombi yako yataenda kwa watu wasiokusubiri. Ichukue kwenye tangazo lenyewe, usiichukue kwa rafiki aliyeomba chuo kingine.

Jaza historia yako ya masomo na kazi bila kuacha pengo la miaka. Kama ulikaa nyumbani miaka miwili ukilima au ukitafuta kazi, andika hivyo; pengo lisiloelezwa ndilo linalotia shaka. Katika lugha ya kufundishia, usichague Kichina kwa kudhani kwamba kinakuongezea nafasi, kwani asiye na HSK hulazimika kusoma lugha kwanza, mara nyingi kwa mwaka mzima.

Vielelezo viskaniwe, visipigwe picha kwa simu juu ya kitanda. Kila faili lipewe jina linaloeleza kilichomo.

Beijing iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa tano. Dirisha linalofungwa saa sita usiku kwa saa za huko limeshafungwa kwetu saa moja usiku. Tuma wiki mbili kabla, kisha chapisha fomu, isaini, na upeleke nakala ngumu pale tangazo linapozitaka. Anayeomba Aina B ajue kwamba chuo nacho kina mfumo wake wa maombi, na kujaza mmoja bila mwingine ni sawa na kutoomba.

Umefanikiwa iwapo hali ya maombi inaonyesha kwamba yametumwa na unayo PDF ya fomu nzima yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti.

## Hatua ya 8: Usaili na kusubiri (Aprili hadi Julai)

Baadhi ya vyuo na balozi hufanya usaili, mara nyingi kwa njia ya video. Utaulizwa kuhusu mpango wako wa masomo, hivyo usome tena mpaka uweze kuueleza bila karatasi. Majibu hutoka kati ya Juni na Agosti. Angalia barua pepe kila siku, pamoja na folda ya taka.

## Hatua ya 9: Baada ya kuchaguliwa (Julai na kuendelea)

Utapokea barua ya udahili na fomu ya visa iitwayo JW201. Linganisha jina, namba ya pasipoti, fani na muda wa masomo siku hiyohiyo, kwa kuwa kwa kawaida mwanafunzi wa ufadhili haruhusiwi kubadili chuo wala fani baadaye. Visa inayoombwa ni X1, ya masomo ya muda mrefu, na ukishaingia China una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi. Usipojisajili chuoni kwa tarehe iliyoandikwa, nafasi haihifadhiwi hadi mwaka mwingine.

Ufadhili hupitiwa upya kila mwaka kwa kutazama matokeo na mahudhurio, na unaweza kusitishwa.

Vyuo vya China hutoa vyeti viwili tofauti: kimoja cha kuhitimu masomo na kingine cha shahada yenyewe. Usipande ndege ya kurudi na kimoja tu, kwa sababu utakapopeleka maombi ya kutambuliwa kwa shahada yako katika Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), au katika Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu nchini Kenya, utahitaji cheti cha shahada pamoja na taarifa ya matokeo, na kukifuatilia ukiwa Morogoro au Eldoret ni kazi ya miezi.